Scream

Scream (hutamkwa "skriim", kwa irabu ndefu ya i) ni neno la Kiingereza linalotaja sauti kali na ya juu ambayo mtu au mnyama huitoa kwa nguvu, mara nyingi ghafla, kwa sababu ya hofu, maumivu, hasira au furaha kubwa. Kwa Kiswahili tafsiri iliyo karibu zaidi ni yowe (wingi: mayowe), na kitenzi chake ni kupiga yowe au kupiga mayowe.

Neno hilo ni nomino na pia kitenzi. Kama nomino wingi wake ni "screams". Kama kitenzi, wakati uliopita ni "screamed". Limeenea mbali na maana yake ya kwanza: linatumika kwa mashine, kwa vichwa vya habari, kwa mtu mcheshi, kwa goli la mpira wa miguu, na pia ni jina la mchoro, filamu na nyimbo zinazojulikana duniani kote. Kwa sababu hiyo msomaji anayelikuta katika maandishi ya Kiingereza hana budi kutazama muktadha kabla ya kulitafsiri.

Asili ya neno

Neno hili limo katika Kiingereza cha Kati, ambako liliandikwa kwa maumbo kama "scremen". Lilianza kuonekana katika maandishi yapata karne ya 12 na ya 13. Wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha na lugha za Kijerumani za kaskazini mwa Ulaya, ambazo zilikuwa na maneno ya kufanana nalo yaliyohusu kupiga kelele au kutisha.

Kiingereza kina kundi zima la maneno ya sauti kali yanayofanana kwa umbo: "scream", "screech", "shriek", "squeal" na "squeak". Yote yana irabu ndefu ya i, ambayo hutamkwa kwa sauti nyembamba, na yote huanza kwa konsonanti za kukwaruza. Ni kana kwamba neno lenyewe linaiga sauti inayotajwa. Jambo hilo si geni kwa Kiswahili: anayetamka "yowe" kwa kuvuta silabi ya kwanza tayari ameanza kupiga yowe.

Maana ya msingi

Katika matumizi ya kawaida sauti inayoitwa "scream" ina sifa tatu. Kwanza, ni kubwa. Pili, ni ya juu, yaani nyembamba na ya kupenya masikio. Tatu, kwa kawaida haina maneno ndani yake. Mtu hutoa sauti tupu kama "aaah" au "iiih". Hata hivyo, inawezekana pia kutamka maneno kwa namna hiyo. Kwa mfano, sentensi "She screamed for help" maana yake ni "Alipiga mayowe kuomba msaada", na "He screamed at the children" maana yake ni "Aliwafokea watoto kwa ukali".

Mfano huo wa pili unaonyesha kwamba tafsiri hubadilika kufuatana na kihusishi kinachofuata. Ukikuta "scream for" mtu anaomba kitu. Ukikuta "scream at" mtu anamkaripia mwingine. Ukikuta "scream with" au "scream in" kinachofuata ni hisia, kama vile maumivu, hofu au kicheko.

Tofauti na maneno ya karibu

Wanafunzi wengi huchanganya neno hili na mengine ya Kiingereza yanayohusu sauti kubwa. Tofauti zake kuu ni hizi:

- "Shout" ni kupaza sauti ili usikike. Kwa kawaida huwa na maneno, na si lazima kuwe na hofu wala maumivu. Mchuuzi anayenadi samaki sokoni "anashout", lakini hapigi yowe.
- "Yell" iko karibu na "shout", ila ni ya ukali zaidi au ya msisimko, kama ya mashabiki uwanjani.
- "Shriek" ni sauti fupi, nyembamba kuliko "scream", ya kushtuka au ya kucheka.
- "Screech" ni sauti ya kukwaruza, isiyopendeza; hutumika sana kwa breki za gari na kwa ndege kama bundi.
- "Howl" ni sauti ndefu ya kuvuta, kama ya mbwa au fisi usiku.
- "Cry" ina maana mbili: kulia machozi na kuita kwa sauti kubwa. Muktadha ndio unaoamua.
- "Ululate" ni kupiga vigelegele. Ingawa vigelegele ni sauti kali na ya juu, si "scream", kwa sababu hupigwa kwa kuchezesha ulimi na hufuata desturi ya sherehe.

Kulitafsiri kwa Kiswahili

Kosa linalotokea mara nyingi ni kutafsiri "scream" kwa neno "kelele" pekee. Kelele ni neno pana. Hujumlisha sauti yoyote inayosumbua: ya injini, ya watoto darasani, ya muziki wa jirani. Mwalimu anaposema "Acheni kelele" hana maana kwamba wanafunzi wanapiga mayowe, wanazungumza tu. Vilevile methali "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji" inahusu maneno ya wasumbufu, wala si kilio cha mtu aliye hatarini.

Kiswahili kina maneno mahususi zaidi, na mfasiri makini huchagua kulingana na hali:

- Yowe au mayowe: sauti kali ya kuomba msaada au ya kushtuka. Ndilo neno linalofaa mahali pengi.
- Kamsa: mayowe ya kutahadharisha watu juu ya hatari, kama moto au wezi. Hutumika sana nchini Kenya katika usemi "kupiga kamsa".
- Nduru: hutumika pia Kenya kwa maana ya yowe. Nchini Uganda, Kiganda kina neno la jamaa yake, "enduulu", ambalo ni mwito wa kuita majirani wakati wa hatari.
- Unyende: sauti kali na nyembamba ya mtu aliyepatwa na maumivu au anayeomba kuokolewa.
- Ukemi: sauti kubwa ya kuita au kupaza kutoka mbali.
- Kufoka na kukemea: pale ambapo "scream" ina maana ya kumkaripia mtu kwa hasira.
- Kilio: pale ambapo sauti inatokana na huzuni, hasa msibani.

Kwa hiyo "screams were heard from the house" ni "mayowe yalisikika kutoka nyumbani mle", wala si "kelele zilisikika". Msomaji wa sentensi ya pili anaweza kudhani palikuwa na ngoma.

Jinsi sauti hiyo inavyotokea

Mtu anapopiga yowe, misuli ya kifua na tumbo husukuma hewa kwa nguvu kutoka mapafuni kupitia zoloto. Ndani ya zoloto mna nyuzi za sauti. Hizo hukazwa sana na kutetemeka kwa kasi kubwa kuliko katika mazungumzo, ndiyo maana sauti hupanda juu. Kwa kuwa mtetemo wenyewe si wa mpangilio sawa, sauti huwa na mkwaruzo. Mazungumzo ya kawaida yana ukubwa wa takriban desibeli 60. Yowe karibu na mdomo linaweza kuzidi desibeli 100.

Mwaka 2015 Luc Arnal, David Poeppel na wenzao walichapisha utafiti kuhusu mkwaruzo huo katika jarida la Current Biology. Waligundua kwamba ukubwa wa sauti ya yowe hupanda na kushuka haraka mno, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Katika maneno ya kawaida mabadiliko hayo ni ya polepole, machache tu kwa sekunde. Waligundua pia kwamba kadiri mkwaruzo unavyozidi ndivyo wasikilizaji wanavyoona sauti kuwa ya kutisha zaidi, na ndivyo sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayoshughulikia hofu, inavyoamka zaidi. Ving'ora vya tahadhari vina sifa hiyohiyo. Kwa maneno mengine, yowe limetengewa nafasi yake katika usikivu wa binadamu, ili lisichanganyike na mazungumzo.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, wakiongozwa na Sascha Frühholz, walitenganisha aina sita za mayowe: ya maumivu, hasira, hofu, raha, huzuni na furaha. Matokeo yao yalishangaza: wasikilizaji waliyatambua mayowe yasiyo ya hatari, hasa ya furaha, haraka na kwa usahihi zaidi kuliko yale ya hatari.

Kupiga mayowe mara kwa mara kunaweza kudhuru nyuzi za sauti. Nyuzi huvimba, sauti hukauka, na baada ya muda vinundu vidogo vinaweza kuota juu yake. Wanaokabiliwa zaidi na tatizo hilo ni wale wanaotegemea sauti katika kazi yao, kama vile walimu, wahubiri, waimbaji na wachuuzi. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu inastahili kuchunguzwa na daktari.

Mayowe katika sheria

Katika jamii nyingi yowe halikuwa jambo la mtu binafsi, bali mwito unaowafunga wote wanaolisikia. Huko Uingereza desturi hiyo iliitwa "hue and cry". Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, wakati wa mfalme Edward I, iliagiza kwamba mhalifu afukuzwe kwa mayowe kutoka kijiji hadi kijiji mpaka akamatwe. Wakazi walioshindwa kumkamata mnyang'anyi waliweza kudaiwa fidia kwa pamoja. Masharti hayo yalifutwa mwaka 1827, karibu na wakati polisi wa kisasa walipoanzishwa London, yaani 1829.

Afrika Mashariki nayo inajua desturi ya aina hiyo. Kijijini anayesikia yowe usiku hutarajiwa kutoka nje, na asiyetoka huulizwa asubuhi alikuwa wapi. Desturi hiyo imeokoa nyumba zilizoshika moto na watu waliovamiwa. Lakini ina upande wake wa hatari: yowe la "Mwizi!" mjini limewahi kumuua mtu asiye na hatia, kwa sababu wanaokuja mbio hawana nafasi ya kuuliza. Sheria inaruhusu raia kumkamata mhalifu na kumpeleka polisi. Haimruhusu kumpiga wala kumchoma moto.

Neno lina uzito pia katika ushahidi mahakamani. Kwa miaka mingi kumbukumbu za mahakama za juu nchini Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza ingawa shahidi alizungumza Kiswahili, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Shahidi akisema "Nilisikia anapiga kelele", mfasiri anaweza kuandika kwamba alisikia ghasia, kwamba alisikia mtu akipaza sauti, au kwamba alisikia mtu akipiga yowe la kuomba msaada. Ni habari tatu tofauti, na hukumu inaweza kutegemea mojawapo.

Jambo jingine ni ukimya. Tangu zamani watu wamechukulia kwamba aliyeshambuliwa lazima apige mayowe, na asipopiga basi alikubali. Wazo hilo ni la kale sana. Lipo hata katika sheria za Kumbukumbu la Torati sura ya 22, zinazohusu msichana aliyekutwa mjini asipige kelele. Uchunguzi wa kitabibu umeonyesha vingine. Katika hofu kubwa mwili unaweza kuganda: misuli haitii na sauti haitoki. Utafiti uliofanywa Stockholm, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa au kujaribiwa kubakwa. Asilimia 70 kati yao walieleza kwamba waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Kwa hiyo kutopiga yowe si ushahidi wa ridhaa.

Matumizi ya kitamathali

Katika Kiingereza cha kila siku neno hili lina matumizi mengi yasiyohusu koo la mtu:

- Mashine na upepo: injini ya ndege, king'ora au tairi huweza "kuscream", yaani kutoa mlio mkali.
- Vichwa vya habari: gazeti likiandika habari kwa herufi kubwa na maneno ya kushtua, husemwa kwamba kichwa chake "kinascream".
- Rangi: rangi kali mno isiyopatana na nyingine huelezwa kwa neno hilohilo. Kiswahili husema rangi "inawaka".
- Mtu mcheshi: "She is a scream" haimaanishi kwamba ni mpiga kelele. Maana yake ni kwamba anachekesha sana.
- Mpira wa miguu: watangazaji wa Uingereza huita "screamer" goli kali lililopigwa kutoka mbali.
- Ndege: "screamers" ni jina la ndege wakubwa wa Amerika Kusini wa familia ya Anhimidae, yenye spishi tatu. Wameitwa hivyo kwa sababu ya mlio wao unaosikika mbali.

Ipo pia misemo. "To scream blue murder" ni kulalamika kwa kelele nyingi kuliko kosa lenyewe, kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Katika sanaa

Mchoro unaojulikana zaidi kwa jina hili ni wa Edvard Munch (1863–1944), mchoraji wa Norwei. Kwa Kinorwei unaitwa "Skrik". Alitengeneza matoleo kadhaa: la kwanza la rangi ni la mwaka 1893, na jingine ni la mwaka 1910. Huonyesha mtu mwenye uso kama fuvu akiwa darajani, mikono yake ikiwa masikioni, chini ya anga jekundu. Munch alieleza kwamba alikuwa akitembea na rafiki zake wawili jua likitua, mbingu ikawa nyekundu kama damu, naye akahisi yowe kubwa likipita katika maumbile yote. Kwa hiyo watazamaji wengi hukosea wanapodhani kwamba mtu yule ndiye anayepiga yowe. Kwa maelezo ya mchoraji, yowe linatoka nje yake, naye anaziba masikio asilisikie.

Mchoro huo umeibiwa mara mbili mjini Oslo: toleo moja mwaka 1994 na jingine mwaka 2004. Yote mawili yalipatikana baadaye. Toleo la mwaka 1895 liliuzwa kwa mnada New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 120. Kikaragosi cha uso wenye mikono mashavuni, kinachotumiwa kwenye simu kuonyesha mshtuko, kinafanana na mchoro huo.

Katika filamu

Filamu za kutisha za Marekani zimelitegemea yowe tangu sauti ilipoingia sinema. Waigizaji wa kike waliosifika kwa mayowe yao huitwa "scream queens", yaani malkia wa mayowe. Miongoni mwao ni Fay Wray katika King Kong (1933), Janet Leigh katika Psycho (1960) na binti yake Jamie Lee Curtis katika Halloween (1978).

Filamu yenyewe inayoitwa Scream ilitoka mwaka 1996. Iliongozwa na Wes Craven na kuandikwa na Kevin Williamson. Muuaji wake huvaa kinyago cheupe kilichovutwa mdomo, kinachokumbusha mchoro wa Munch. Ilifuatiwa na nyingine kadhaa.

Yowe moja limesikika katika mamia ya filamu. Lilirekodiwa kwa ajili ya Distant Drums (1951), katika tukio la askari anayekamatwa na mamba. Baadaye likatumika kwa askari aitwaye Wilhelm katika The Charge at Feather River (1953). Fundi wa sauti Ben Burtt alilipa jina "Wilhelm scream" na kulitia katika Star Wars (1977). Tangu hapo mafundi wenzake wamelichomeka katika filamu zao kama mzaha wa kitaaluma.

Katika muziki

Waimbaji wa bluzi, soul na roki wametumia mayowe kama sehemu ya uimbaji. Mmoja wao, Jalacy Hawkins, alijulikana kama Screamin' Jay Hawkins. Wimbo wake maarufu ulitoka mwaka 1956. Katika muziki wa metali kuna mbinu maalumu ya kuimba kwa mayowe, ambayo wenye ujuzi hujifunza ili wasiharibu koo.

"Scream" ni pia wimbo wa Michael Jackson na dada yake Janet Jackson wa mwaka 1995, unaolalamikia shinikizo la vyombo vya habari. Video yake, iliyoongozwa na Mark Romanek, hutajwa miongoni mwa zilizogharimu fedha nyingi zaidi. Bendi ya Primal Scream ilianzishwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1982. Maneno ya jina lake ni yaleyale ya kitabu cha mwanasaikolojia Arthur Janov cha mwaka 1970, kilichodai kwamba mtu anaweza kutibiwa maumivu ya utotoni kwa kuyatoa kwa mayowe. Tiba hiyo ilipata umaarufu kwa muda, lakini haikuthibitishwa na utafiti wa kisayansi.